Kope Zilizovimba kwa Sababu ya Urembo

Jumamosi alasiri saluni za Nsambya hazina nafasi ya kukaa. Nje, barabara iendayo Ggaba imejaa magari, na bodaboda zapenya katikati yake kama samaki. Ndani, wanawake wamelala chali, macho yamefumbwa, na juu ya kila mmoja ameinama msichana mwenye kibano kidogo mkononi. Anachukua unywele mmoja wa bandia, anauchovya katika gundi, anauweka juu ya unywele wa asili, kisha anachukua mwingine. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa mbili. Mwanamke akiinuka na kujitazama katika kioo, huona macho ambayo hakuzaliwa nayo, naye hufurahi.

Chukua mfano wa mke wa koplo mmoja anayekaa katika kambi ya polisi ya Nsambya. Jumapili ana arusi ya mdogo wake, basi Jumamosi akaenda kubandikwa kope. Gundi ilipokuwa ikikauka alihisi macho yakichonyota na machozi yakamtoka, lakini akaambiwa avumilie, ndivyo ilivyo. Usiku alilala akiwa na mwasho mdogo. Alfajiri alipoamka hakuweza kufungua jicho la kulia. La kushoto lilifunguka nusu tu. Ngozi ya kope ilikuwa imejaa kama andazi, nyekundu na yenye joto, na ukingoni yalikuwa yameganda matongo.

Mke wa sajini, jirani yake, alipofika kumchukua waende arusini, alishika mdomo.

"Mungu wangu! Koplo amekupiga?"

"La, mama. Ni hizi kope."

"Usinifiche, mwanangu. Kama amekupiga, sema. Afande mkubwa atamwita."

Ilimbidi aape. Hata hivyo kabla ya saa tatu habari ilikuwa imezunguka kambi nzima, maana nyumba za mabati za kambini zimesongamana na hakuna siri inayokaa ndani yake. Koplo, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, alijikuta akitazamwa kwa jicho baya na watu ambao hakuwakosea lolote. Hiyo ni aibu, nayo ilipita. Lililokuwa kubwa zaidi ni kikombe kidogo kilicholetwa na jirani wa pili: maziwa ya mama aliyejifungua juma lile, yatiwe katika jicho.

Ni heri mambo yaelezwe kabla ya kikombe hicho kufika, kwa kuwa macho mengi katika Afrika Mashariki yameharibiwa na dawa iliyotiwa kwa nia njema kuliko yalivyoharibiwa na gundi.

NGOZI ILIYO NYEMBAMBA KULIKO ZOTE

Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili. Unene wake haufiki milimita moja. Chini yake hakuna mafuta mengi, bali nyama laini iliyolegea ambayo hupokea maji upesi kama sponji. Ndiyo sababu mtu akilia sana, akiumwa na mbu au akipulizwa na moshi, kope huvimba kabla ya mahali pengine popote usoni. Na ndiyo sababu uvimbe huwa mkubwa zaidi asubuhi: usiku mtu amelala, na maji ya mwili hayashuki miguuni bali hutulia usoni. Akisimama na kutembea saa chache, uvimbe hupungua wenyewe kidogo.

Nywele za kope nazo hazikuwekwa kwa pambo tu. Watafiti wa Chuo cha Georgia Tech huko Marekani walipima kope za wanyama wa aina 22 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015. Waliona kwamba urefu wa nywele hizo kwa kawaida ni kama theluthi moja ya upana wa jicho. Kwa urefu huo upepo hupunguzwa, vumbi haliingii kwa wingi, na machozi hayakauki upesi. Zikiwa ndefu mno, zinaanza kuelekeza upepo kwenye jicho badala ya kuuzuia. Anayepita barabara ya vumbi wakati wa kiangazi akiwa na kope za bandia ndefu kama brashi, na macho yakamwasha, asishangae.

Gundi inayotumika saluni aghalabu ni ya jamii ya sianoakrileti, ndugu wa ile gundi kali inayounganisha soli za viatu na vikombe vilivyovunjika. Ikikauka hutoa mvuke unaochonyota, na hutoa pia kiasi kidogo cha fomaldehaidi. Madaktari wa macho wa Japani walioandika mwaka 2012 juu ya wanawake 107 walioumwa macho baada ya kubandikwa kope walikuta fomaldehaidi katika gundi walizozipima. Gundi za kope za mkanda, zile ambazo mtu hujibandikia nyumbani na kuzibandua jioni, mara nyingi zina utomvu wa mpira, na wapo watu wasiopatana na mpira hata kidogo. Muuguzi ambaye mikono yake huwashwa na glavu za mpira anapaswa kukumbuka jambo hilo kabla ya kununua kichupa sokoni.

Uvimbe huja kwa njia mbili, na yafaa kuzitofautisha. Njia ya kwanza ni ukali wa dawa yenyewe: mvuke au tone limegusa jicho, nalo limeungua. Hali hii huonekana papo hapo au siku ileile, na yaweza kumpata mtu yeyote. Askari aliyewahi kusimama upande mbaya wa upepo wakati moshi wa kutoa machozi unapofyatuliwa anaijua vizuri. Njia ya pili ni mzio, ambao wengi huuita aleji. Hapo mwili umekwisha kuijua dawa na kuichukia. Mzio wa ngozi kwa kawaida huchelewa, hutokea baada ya siku moja hadi tatu, na dalili yake kubwa ni mwasho. Linalowachanganya watu ni kwamba mwanamke aweza kubandikwa kope mara kumi bila neno, mara ya kumi na moja akavimba. Atasema, "Haiwezi kuwa gundi, mbona nimeitumia mwaka mzima?" Lakini mwili hujifunza polepole, na ukisha kujifunza hausahau. Kila mara atakayorudia, uvimbe utakuja mapema zaidi na kwa nguvu zaidi.

Zipo pia dawa za kukunja nywele za kope zisimame. Zina kemikali za jamii ya ile iliyotumika katika kalikiti, ambayo akina mama waliokuwa vijana miaka ya 1980 hawajaisahau harufu yake. Dawa iliyotosha kubadili umbo la nywele ngumu za kichwani haiwi mpole ikiingia ndani ya jicho.

WANAWAKE WALIOPOFUKA

Rangi ya kope ina historia yake ya majonzi. Mwaka 1933 huko Marekani iliuzwa rangi iliyoitwa Lash Lure, ambayo ilikuwa na kemikali ya parafenilinidiamini. Mwanamke mmoja wa mji wa Dayton, jimbo la Ohio, alipakwa rangi hiyo saluni kabla ya kwenda karamuni. Macho yake yalivimba, yakafanya vidonda, akapofuka. Wengine zaidi ya kumi walidhurika, na mmoja alikufa. Serikali haikuweza kuizuia rangi hiyo, kwa kuwa sheria ya mwaka 1906 ilihusu vyakula na madawa na haikutaja vipodozi. Picha za yule mama, kabla na baada, zilionyeshwa hadharani hata watu wakachukizwa, na mwaka 1938 Rais Franklin Roosevelt akatia saini sheria mpya iliyovitia vipodozi chini ya ukaguzi. Lash Lure ilikuwa miongoni mwa bidhaa za kwanza kukamatwa kwa sheria hiyo.

Kemikali ileile haijatoweka duniani. Imo katika rangi nyingi nyeusi za nywele, na ndiyo inayoifanya piko ya Pwani iwe nyeusi na kukauka upesi kuliko hina ya majani. Wako maharusi wa Mombasa na Unguja waliopata malengelenge mikononi kwa ajili yake. Mtu aliyewahi kuwashwa na kutoka malengelenge kwa piko au kwa rangi ya nywele asiruhusu kamwe kope wala nyusi zake zitiwe rangi ya kemikali, maana mwili uliojifunza chuki hiyo mkononi utaionyesha jichoni.

LA KUFANYA NYUMBANI

Mke wa koplo alibahatika kwamba miongoni mwa waliokuja kumtazama alikuwamo muuguzi wa zahanati aliyekuwa nyumbani siku hiyo. Huyu alikitoa nje kile kikombe cha maziwa, akaomba sabuni na maji, akanawa mikono kwanza. Kisha akaomba maji yaliyochemshwa na kupoa, ambayo nyumba nyingi huyaweka kwa kunywa.

Kwanza jicho huoshwa. Mgonjwa huinamisha kichwa upande wa jicho linaloumwa, na maji humiminwa polepole kutoka pembe iliyo karibu na pua kuelekea nje, ili uchafu usiingie katika jicho la pili. Kama kemikali imeingia jichoni muda uleule, asingojee maji yachemshwe. Atumie maji safi ya bomba, mengi, kwa muda wa robo saa na zaidi, akifungua na kufumba jicho. Mwenye lenzi za kuvaa jichoni azitoe, wala asizirudishe mpaka apone kabisa.

Baada ya hapo ni ubaridi. Kitambaa safi cha pamba huchovywa katika maji baridi yaliyochemshwa, hukamuliwa, huwekwa juu ya macho yaliyofumbwa kwa muda wa dakika kumi, na jambo hilo hurudiwa mara kadhaa kwa siku. Asiye na friji ayaweke maji yake katika chombo kilichofunikwa ndani ya mtungi wa udongo. Mtungi hupoza vizuri. Mwenye barafu aifunge katika kitambaa kinene, maana barafu yenyewe ikigusa ngozi nyembamba namna hii huiunguza. Kila jicho lipewe kitambaa chake, na vitambaa vichemshwe baada ya kutumika.

Hapa watu wengi hukosea. Huchukua kitambaa cha moto, kwa kuwa wamesikia moto hupunguza uvimbe. Kitambaa cha uvuguvugu kinafaa kwa chokea, yaani kile kijipu kinachotoka ukingoni mwa kope, kwa sababu hulainisha mafuta yaliyoziba na kuufanya usaha utoke. Uvimbe wa mzio haupendi joto. Ukipewa joto, damu huongezeka mahali pale na mwasho huzidi. Njia rahisi ya kupambanua ni hii: chokea huuma mahali pamoja, aghalabu jicho moja, na ukigusa utakuta kidonge, mzio huwasha, hutanda kope nzima, na mara nyingi hushika macho yote mawili.

Kusugua ni marufuku, ingawa ni jambo gumu kumkataza mtu anayewashwa. Usiku alalie mito miwili ili kichwa kiinuke. Wanja, rangi na poda zikae kando hadi ngozi irudi kuwa ya kawaida. Na kile kichupa cha wanja wa majimaji kilichotumika kabla ya ugonjwa kitupwe, hata kama kimebaki nusu na kilinunuliwa ghali; mwenye busara hakitumii kupita miezi mitatu hata katika siku za uzima.

Je, kope za bandia zitolewe? Ndiyo, maana gundi ikibaki ugomvi hauishi. Lakini zisivutwe. Anayezivuta hung'oa na zake za asili, na akirudia mara nyingi mashina hufa, zisiote tena. Zile za mkanda hulegea kwa kupakwa mafuta ya mgando kidogo kwa kijiti cha pamba, macho yakiwa yamefumbwa. Zile za gundi kali hutolewa kwa dawa maalumu, na aliyezibandika ndiye mwenye wajibu wa kuzitoa bila malipo. Kama kope zimevimba hata jicho halifunguki, kazi hiyo ifanywe hospitalini. Asetoni, ile dawa ya kufuta rangi ya kucha, isisogezwe karibu na jicho kwa hali yoyote. Na endapo gundi imegandisha kope mbili pamoja, zisifunguliwe kwa nguvu: zioshwe kwa maji ya uvuguvugu, zifunikwe kwa kitambaa safi, mgonjwa apelekwe kwa daktari. Gundi hiyo huachia yenyewe baada ya siku chache.

MAZIWA, NDIMU NA MATONE YA DUKANI

Maziwa ya mama ni chakula cha mtoto, hayana la kufanya katika jicho la mtu mzima. Yakikaa hapo huchacha na kulisha vijidudu. Ndimu na kitunguu huunguza. Majani yaliyotwangwa hukwaruza kioo cha jicho, na mkwaruzo mdogo ukiingiwa na ukungu wa mimea huwa kidonda. Mkojo, ambao bado wapo wanaousifu, waweza kupeleka kisonono jichoni, na kisonono hutoboa kioo cha jicho kwa muda mfupi sana. Kidonda kikipona huacha chamba, yaani lile kovu jeupe mbele ya mboni, na chamba hakiondolewi kwa kuosha. Askari mwenye chamba hawezi kulenga shabaha wala kuendesha gari la serikali. Mama mwenye chamba hawezi kutia uzi katika sindano.

Dawa za dukani nazo zina hila yake. Vidonge vya kutuliza mzio vinafaa, kama setirizini au loratadini. Piritoni hufaa pia, lakini huleta usingizi, na anayeshika bunduki langoni au usukani wa lori asiimeze akiwa kazini. Mjamzito na anayenyonyesha wamuulize mganga kwanza. Matone ya machozi ya bandia hayana ubaya, mradi kichupa kisitumiwe na watu wawili na kitupwe majuma manne baada ya kufunguliwa.

Matone yenye deksamethasone ni habari nyingine. Muuza dawa huyatoa upesi kwa kuwa hufanya jicho jekundu kuwa jeupe kwa siku moja, na mnunuzi hurudi akishukuru. Lakini kama ndani ya jicho kuna kidonda cha virusi au cha ukungu, matone hayo hukikuza. Na yakitumiwa kwa majuma, huweza kupandisha presha ya jicho, ambayo huua mshipa wa kuonea bila maumivu na bila onyo. Ndivyo zilivyo pia krimu za betamethasone, ambazo baadhi ya akina mama wa mjini huzipaka usoni ili wawe weupe. Zikipakwa kwenye kope hupunguza uvimbe, kisha huifanya ngozi iwe kama karatasi ya sigara. Daktari aweza kumwandikia mgonjwa dawa ya namna hiyo iliyo hafifu kwa siku chache, akimtazama. Asiyetazamwa asiiguse.

SAA YA KWENDA HOSPITALI

Uvimbe wa mzio ukishughulikiwa hivyo hupungua ndani ya siku mbili au tatu. Usipopungua, mgonjwa aende. Aende siku hiyohiyo, bila kungoja, kama anaona ukungu, kama mwanga unamchoma, kama maumivu ni ya ndani ya jicho na si ya ngozi, kama usaha unatoka, au kama ana homa na wekundu unapanda shavuni. Jicho likitokeza mbele au likiuma linapogeuzwa, hilo ni jambo la saa, si la siku. Na kama midomo au ulimi unavimba, au pumzi inabana, asikae kutafuta kitambaa cha baridi, atafutiwe gari.

Wakazi wa Nsambya hawana safari ndefu. Zahanati ya polisi imo kambini. Juu ya kilima ipo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo mizizi yake ni kazi ya Mama Kevin na masista wenzake watano waliofika Nsambya mwaka 1903. Mulago na Mengo, zote mbili zina idara za macho, na Mengo imekuwa ikitibu watu tangu Daktari Albert Cook alipoianzisha mwaka 1897. Mgonjwa achukue kichupa cha gundi au walau jina lake lililoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu daktari akijua kilichomo hafanyi kazi ya kubahatisha.

Kwa wale ambao hawajaumwa na hawataki kuacha urembo huu, lipo jaribio dogo: gundi au rangi ipakwe tone moja nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, ingojewe siku mbili. Ikiwasha, basi. Isipowasha si hakika kamili, maana ngozi ya kiwiko ni ngumu kuliko ya kope, lakini ni afadhali kuliko kutojua. Saluni itazamwe: je, madirisha yamefunguliwa, vibano vimeoshwa kwa spiriti, na yule msichana ananawa mikono akitoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine? Macho yafumbwe muda wote mvuke unapotoka. Anayechonyotwa aseme mara moja. Aliyewahi kuvimba asiseme atajaribu saluni nyingine, kwa kuwa saluni zote za mji hununua gundi zao katika maduka yaleyale ya Kikuubo.

Mke wa koplo alipelekwa zahanati siku ileile, ingawa arusi ilikuwa imekwisha anza. Kioo cha jicho kilitiwa rangi ya kijani inayong'aa chini ya taa ya buluu, kikaonekana hakina kidonda. Kope za bandia zilitolewa moja moja, kazi ya saa nzima. Alipewa vidonge na machozi ya bandia, akaambiwa arudi siku ya tatu. Siku ya tatu macho yalifunguka yote mawili. Ngozi ilikuwa imeanza kuambuka magamba madogo, na upande wa kulia, karibu na pembe ya nje, palikuwa na pengo la nywele alizozing'oa mwenyewe alfajiri ile kwa hofu. Muuguzi alimwambia zitaota tena baada ya miezi michache, mradi asiziguse.

Katika picha za arusi hayumo. Koplo yumo, amesimama mwisho wa mstari, peke yake.